Kosa la Mpiga Chapa

Nilichapa mabango ya wote wawili,
mashine ileile, wino uleule,
karatasi ya bei rahisi kutoka Białystok
inayojikunja pembe ikipata ukungu wa Machi.
Wote wapya. Hawajawahi kuongoza hata foleni ya mkate.
Zbyszko Mroczek, muuza matrekta.
Halszka Wnuk, fundi wa maji machafu,
miaka kumi na mmoja ndani ya mabomba yetu,
anayajua matumbo ya mji huu kuliko daktari.

Picha ya Zbyszko ililetwa na mkunjo kwenye paji la uso.
"Tuuache," nilimwambia. "Mkunjo ni uzoefu."
Picha ya Halszka ilikuja na mkunjo wake.
"Nikupigie pasi kidogo?"
Mimi, Wacek, kwa kinywa changu, bila kutumwa na mtu.
Alinitazama kama anayesoma mita.
"Uache," akasema.

Wakaja watu kuchukua kadi za harusi,
wakasimama mbele ya bango lililokuwa likikauka.
Sauti yake kali mno. (Hawajamsikia.)
Anatabasamu sana, anataka nini?
Hatabasamu vya kutosha, ana kiburi.
Nywele fupi: amekata tamaa, au amemkata mume?
Na mapacha wake, nani atawapikia supu?
Zbyszko ana watoto wanne.
Habari za supu yao sikuzisikia.

Mjane Bronka Szulc aliuliza jingine:
"Kaandika atafanya nini,
hajaandika kwa pesa ya nani."
Hilo lilikuwa swali. Lilikuwa na mifupa.
Nilimfikishia Halszka. Akanyamaza, akajikuna shingo,
akasema, "Hapo amenikamata,"
na usiku kucha taa ya jikoni kwake haikuzimwa.
Basi msiniambie kila kinachochoma ni chuki.
Naujua mwiba, naijua na sindano ya daktari.

Sasa niseme lile.
Bango lake lilitoka na kilomita arobaini na moja za bomba jipya.
Mji wetu, hata ukiuvuta kama soksi,
haufiki kilomita tisa.
Yeye aliandika nne, mkato, moja.
Mkato niliudondosha mimi,
saa nane usiku, macho yakiwasha kwa petroli.

Kufika mchana mji ulikuwa hoi kwa kicheko.
"Wanawake na hesabu!"
Simu zililia mifukoni kama vifaranga.
Mtu alimchora akipima barabara kuu
kwa utepe wa fundi cherehani.
Bi Felicja, anayefundisha hesabu shule ya msingi,
alicheka mpaka akavua miwani.

Wiki iliyofuata bango la Zbyszko lilidai
amezaliwa mwaka 1891.
Tarakimu nilizipindua mimi tena.
Wakacheka, wakaja dukani,
wakanipigapiga bega:
"Wacek, umezeeka, badilisha miwani!"
Kosa la mpiga chapa.
Hawakuhitaji kufikiri.

Ningeweza kusema siku ile ya kwanza.
Mdomo nilikuwa nao, na mlango wa duka ulikuwa wazi.
Nikajiambia, acha kipite, kicheko kina miguu mifupi.
Halafu nina deni la wino,
na duka la Zbyszko huchapa katalogi kila kiangazi.

Jana Halszka alikuja kulipa.
Alihesabu noti polepole, hadi sarafu ya mwisho.
Hakuutaja mkato.
Mlangoni akageuka:
"Ile picha. Ahsante kwa kutoipiga pasi."

Jumapili tunapiga kura.
Nimechapa karatasi ndogo, upana wa kiganja:
*Mkato niliudondosha mimi.*
Nakala mia tatu. Ziko juu ya kaunta,
nasema bado zinakauka,
nasema hivyo tangu asubuhi,
na wino huu, naujua,
hukauka kwa dakika ishirini.