Mwenziwe

Pangaboi la sebuleni liliungua mwezi wa Shaabani.
Faki akalishusha, akalipasua tumbo:
ndani mna waya wa shaba, mwekundu,
umelala kama nywele zilizosukwa na mtu mwenye subira.
"Nitaliuza chuma chakavu," akasema.
"Waya niachie."
Hakuuliza. Miaka kumi na tisa ya ndoa
humfundisha mtu asiulize.

Basi nikaanza pale pale, Limbani, Wete,
meza ya kulia, kitambaa cha plastiki chenye mananasi.
Koleo la Faki, linanuka mafuta ya mafriji.
Tupa ya kucha. Msumari wa inchi nne wa kuviringia.
Ndimu na chumvi, waya urudishe uso wake.
Na shanga za marehemu mama, zile za kiunoni,
zilizokatwa uzi siku ya kuoshwa kwake,
nikazitia kwenye kopo la maziwa ya unga
bila ya kujua naziwekea nini.

Kipete cha kwanza nilikikunjua kama mdomo,
vuta huku, vuta kule.
Kikapanuka, hakikurudi.
Cha pili hivyo hivyo. Cha kumi na moja.
Hakuna aliyenifundisha ila mlango wa uani:
asubuhi natoka kumwaga maji,
ukaenda mbele, ukarudi,
bawaba haikupanuka hata unywele.
Nikaiacha ndoo hapo hapo.
Pete ya waya haipanuliwi, jamani, hufunguliwa:
ncha moja ije kwako, moja iende kwa jirani,
kisha zirudi, zikutane, zisalimiane.
Tk.
Sauti hiyo ndogo
sijapata kuisikia nikaichoka.

Herini zangu za kwanza:
ya kulia urefu wa karafuu kavu,
ya kushoto urefu wa karafuu na kikonyo chake,
shanga tatu huku, tatu huku,
na hiyo ndefu imepinda shingo
kama mwanafunzi anayechungulia daftari la mwenziwe.
Nikazivaa kwenda sokoni.
Kufika adhuhuri masikio yamegeuka kijani,
muuza mchicha akaniuliza
fungu nauza shilingi ngapi.

Bikombo, jirani yangu, akazitaka hivyo hivyo.
"Zimepinda," nikamwambia.
"Kwani mimi nimenyooka?"
Akanipa elfu mbili na kibaba cha choroko.

Hayo ya mwaka juzi.
Sasa n'na makoleo matatu,
moja ncha yake nyembamba kama mdomo wa chuchunge.
Ndoano nazipaka rangi ya kucha isiyo rangi,
sikio la mtu lisiote mchicha.
Mabibi harusi wa Gando huniagizia,
na mama mmoja wa Konde alipima kwa rula
akakosa la kusema.

Jana Bikombo kaja, kiganja kakifumba.
Iliyobaki ni ile fupi.
Ile ndefu, ile ya shingo, imeanguka,
kisimani au matangani, hajui.
"Nifanyie mwenziwe."
Nikacheka. Kazi ya robo saa.

Nimekaa tangu isha.
Umeme umekatika, umerudi.
Nimefanya nne, zote zimenyooka.
Nimelegeza mkono. Nimefumba macho.
Nimeshika koleo kwa kushoto:
ikapinda, ndiyo, lakini kwa makusudi,
mpindo wa mtu mzima anayesema kitoto.
Na kwenye kopo shanga za mama zimebaki mbili,
naye anataka tatu.

Faki ananiita nikalale.
Naam, nakuja.
Nachukua kipande cha mwisho cha waya wa pangaboi,
nakikata kipete,
nakishika pande mbili,
nakikunjua kama mdomo.