Sampuli Namba 318

Alileta udongo ndani ya mfuko wa unga,
umefungwa kwa uzi wa kushonea viatu,
akauweka juu ya kaunta kama mtu anayerudisha deni.
"Gakenia, wa Mutu-ini," akasema. "Niandikie magunia tu.
Mangapi, ya rangi gani. Mengine sina haja."

Nikamwambia udongo hauulizwi hivyo.
Kwanza uanikwe kivulini, upondwe, uchekechwe,
upewe maji, utulie,
ndipo useme.
Na hapa Kabete kuna foleni.

Akaketi. Akanisimulia msimu uliopita:
alivyomwaga mbolea nyeupe konzi kwa konzi,
soya zikapanda hadi kiunoni,
kijani cha kutia giza,
kijana wa kinyozi akaja kujipiga picha humo.
Siku ya kupukuchua, hakujaza karai.
"Majani," akasema. "Nilivuna majani, kama mbuzi."

Jumanne majibu yakatoka.
Uchachu: tano nukta moja.
Fosforasi: ipo, ila udongo mwekundu umeishika
kama noti ndani ya ngumi ya bahili.
Mashine ya kuchapa ilikuwa imegoma, nikaandika kwa mkono:

chokaa mifuko miwili, mwezi mzima kabla ya mvua;
fosfeti kilo sita kasoro, shamba lote, hamsini kwa mia;
nitrojeni —
nikachora mstari.

Akaigeuza karatasi. Upande wa pili mtupu.
"Nimelipa nauli, nimelipa ada,
ili niambiwe nisinunue?"

Sasa mtu wa Nairobi umweleze mzizi kwa lipi
kama si kwa nyumba za kupanga?
Nikasema: Mama, soya ni mwenye ploti.
Ana vyumba vya duara huko mizizini
na wapangaji wasioonekana kwa macho.
Huchota hewa hii hii tunayoikoholea,
wakaipika, wakalipa kodi kwa nitrojeni,
hawangoji tarehe tano wala kugongewa mlango.
Lakini ukimmwagia mwenye ploti pesa za bure
atajenga vyumba vya nini?
Atanenepa, atavaa kijani, atafunga lango.
Wapangaji watalala nje.

Hakucheka. Aliuliza wanauzwa wapi.

Nikampa pakiti: vumbi jeusi, limelala.
Lichanganywe na maji ya sukari
mpaka mbegu ziwe kama zimepakwa masizi,
kivulini, na zipandwe siku hiyo hiyo;
jua likiwapiga wamekufa, na pakiti haitakwambia.
Kizibo cha soda? Hicho ni cha mahindi.
Hapa ni kikombe cha chai, kisijae,
kwa mstari wa hatua arobaini,
kisha udongo kidogo juu, ndipo mbegu.
Mbegu na mbolea ni mashemeji:
wakae karibu, wasigusane.

Wiki ya saba nilipita kwake, matope hadi vifundoni.
Soya fupi, rangi ya kawaida,
hakuna kinyozi aliyekuja na simu.
Alinipokea mikono kiunoni.
"Ziangalie. Umenitia aibu."

Nikachimbua mche mmoja kwa mwiko wa fundi,
nikatikisa mizizi, nikatafuta kinundu
kilichowazidi wenzake unene,
nikamwekea kiganjani.
Pasua kwa ukucha, nikasema.

Ndani: waridi.
Waridi kama ufizi wa mtoto
jino la kwanza likiwa njiani.

Hakusema neno. Akapasua kingine. Na kingine.
Ikabidi nimwombe abakishe.

Maganda sijayaona; mvua ya Mei ina mambo yake,
na mimi hupima udongo, sipimi mawingu.
Ila leo asubuhi juu ya kaunta
nimekuta mfuko wa unga, uzi ule ule wa viatu,
udongo wa mtu mwingine,
na kikaratasi bila salamu:
"Huyu ni jirani yangu. Ana magunia manne ya ile nyeupe stoo.
Mwambie wewe. Mimi nimeshindwa."