Pango la Udongo

Ijumaa Kuu, Nyangao, mvua imekatika.
Niliwapa wadogo wangu udongo wa kichuguu,
tukafinyanga pango juu ya sinia la bati.
Ludovika akaula kidogo. Sikugombana naye.

Mtu wetu alitoka mfupi, kichwa kama korosho.
Tukamviringishia kipande cha shati la sare,
tukamlaza, tukaziba kwa jiwe.
"Sasa tunangoja," nikasema.
Lakini kungoja hawakujui;
wanajua kesho na jana,
na zote mbili huziita jana.

Mpango wangu: Jumamosi usiku nimwondoe mwenyewe,
asubuhi tusukume jiwe, niulize, "Yuko wapi?"
Nikaenda na kurunzi.
Pango tupu.
Nikadhani panya.

Jumapili, kengele bado inalia,
Tekla akafungua fundo la kanga ya bibi yake:
yumo, mguu mmoja umevunjika,
ana joto la kwapa.
"Nilimtoa, Mwalimu. Mule ndani giza."

Nilikuwa na maneno, nimeyaandaa wiki nzima.
Nikaketi chini, na sketi yangu ya Pasaka, kwenye matope.
Wakawa wanampokezana, mkono kwa mkono,
hadi kwa Ludovika,
ambaye safari hii
alimbusu tu.