Nafasi Isiyogawiwa

Diski ya zamani ni gigabaiti mia na ishirini,
imejaa hadi ukingoni, upau wake mwekundu,
na kila asubuhi kompyuta ya baba hulalamika
kwa Kijojia, kwa adabu, kwamba haina pa kuweka mguu.
Nimepanda basi la saa kumi na mbili kutoka Tbilisi,
nikafika Ambrolauri na terabaiti moja mfukoni,
nyepesi kama kipande cha sega kavu.

Baba haamini kitu kisicho na uzito;
asali yake huiuza kwa kilo.
Akaipima kiganjani. "Yote yataingia humu?"
"Yataingia, na nafasi itabaki."
"Na ya mama yako?"

Nikajifanya natafuta bisibisi.

Ukurasa wa kuingilia una majina mawili:
Badri, na chini yake Tsiala,
ua la mlozi, kisanduku cha nywila.
Tumejaribu siku aliyozaliwa, jina la mbwa,
jina la mbwa aliyetangulia,
namba ya ile nyumba ya Oni iliyoangushwa na tetemeko.
Mwaka wa tatu huu kisanduku kinatikisa kichwa.

Saa nne usiku nikaanza kunakili.
Programu hii haisomi. Haijui barua wala hesabu za mizinga,
haijui picha, haijui takataka zisizomwagwa;
hubeba sifuri na moja, sifuri na moja,
kama hamali na sanduku lililofungwa
asiyeuliza ufunguo uko kwa nani.
Ndivyo nilivyomweleza baba. Akanyamaza.
Kisha: "Hamali wa namna hiyo nampenda."

Asilimia tisa. Kumi na moja. Theluji dirishani.
Kwenye thelathini na nane taa zikapepesa,
tukasimama wote wawili, kama kanisani,
umeme ukabadili nia.
Kwenye sitini alikwisha lala kitini, kofia kichwani.

Alfajiri nikawasha. Ikawaka.
Nikachungulia: upau uleule, wekundu uleule.
Imewaka kutoka diski kuukuu!
Ile mpya ipo, imebeba kila kitu,
na hakuna aliyeipigia hodi.
Nilitukana. Baba akaamka, akacheka
kwa mara ya kwanza tangu nifike:
"Mzinga wa zamani umeuacha palepale?
Nyuki hawasomi tangazo, Nestani.
Wahamishe utakavyo, waliokwenda mauani
watarudi mahali walipopazoea.
Uondoe."

Nikaichomoa.

Ikawaka tena, polepole, kama mtu anayevaa viatu.
Badri. Tsiala. Ua. Kisanduku.
Tuliyatazama kama watu waliohama nyumba
wakakuta chai yao mezani, bado ya moto.

Ila baba alitaka kuiona nafasi,
na nafasi haikuwapo. Mia na ishirini, basi.
Mfumo umeingia jumba la vyumba vinane
ukajikunyata katika kimoja,
na ng'ambo ya ukuta upau mweusi, mrefu,
na neno moja juu yake: *haijagawiwa*.
Nikamwambia ni kuusukuma tu huo ukuta,
kipanya, dakika mbili.
"Hata nyuki," akasema, "msimu wa kwanza
hujenga kona moja."
Nikausukuma hadi nusu. Hapo akanishika mkono.
Sikuuliza, naye hakusema.

Diski ya zamani hakuniruhusu kuifuta.
Aliizungushia kitambaa cha nta,
akaenda nayo ghalani, theluji ikimfika magotini,
akaipachika kati ya fremu tupu,
akabandika plasta, na kwa penseli butu
akaandika lile neno aandikalo juu ya mizinga
wakati wa baridi, akishatega sikio ubaoni
na kusikia mvumo:

*Wamo.*