Safu Iliyohama

Saa tatu usiku, Barabara ya Ngong, ghorofa ya tano.
Nambari ya simu ya Bwana Wafubwa imeangukia safu ya deni:
milioni mia saba na kumi na mbili na ushei,
sifuri ya mbele imemezwa.
Bi Kwamboka sasa anaitwa Kawangware
na anaishi Jumanne.

Nataka kuulaumu mfumo.
Lakini mishale hii niliichora mimi,
Ijumaa, nikiharakia nyumbani.

Narudisha moja moja, jina kwa jina, simu kwa simu,
hadi nifike kwenye ujumbe uliokwisha kutumwa asubuhi:
"Habari, Amefariki Machi. Tunathamini urafiki wako."

Maelezo yaliingia penye jina.
Mjane alijibu, neno moja:
"Asante."

Nimekagua safu zote.
Jibu hilo halina pa kukaa.