Hodi ya Tatu

Mara ya kwanza tulidhani ni vumbi.
Celso Ayavire akapanda ngazi na tochi mdomoni,
akakipulizia kioo gesi baridi,
taratibu, kama anayemwondoa mtoto matongo,
akashuka, akasema: kioo safi.
Basi ni nyota yenyewe iliyofifia.

Ilififia sehemu moja katika elfu,
kwa saa tatu na dakika kumi na moja,
kisha ikarudi ilivyokuwa,
kama chumba ambamo mtu amepita mbele ya taa
na hakutoa salamu.

Zamu ilikuwa yangu, mimi Nilda Ticona.
Sikusomea nyota. Nilisomea umeme wa migodi, Calama,
nikakimbia shimo lililommeza baba mapafu
nikapanda huku juu, mita elfu mbili na mia sita,
niwaelekezee darubini wenye majina milangoni.
Baba alishuka gizani kutafuta shaba.
Mimi nimepanda gizani, na kutafuta
wanatafuta wengine.

Siku thelathini na moja baadaye, tena.
Hilke akahesabu kwa vidole, daktari mzima,
akasema mara mbili bado ni uvumi.
Nikamwambia, mgeni hupiga hodi mara tatu;
asipojibiwa hurudi alikotoka.
Akacheka. Akaiandika kwenye ubao.

Usiku wa hodi ya tatu ukungu ulipanda kutoka pwani,
mzito, mweupe, ukasimama chini ya kuba letu
kama maziwa yanayotaka kufurika sufuriani.
Saa nane kasoro ardhi ikatetemeka kidogo,
vikombe vikagongana kabatini,
Celso akaukumbatia mtambo kwa mikono miwili
kana kwamba angeweza kuuzuia.
Ukungu haukufurika. Ardhi ikatulia.
Na mstari wa nuru kwenye kioo cha kompyuta
ukainama,
ukainama palepale tulipopiga alama ya kalamu.

Hakuna aliyesema karibu.
Hilke alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua.

Nuru ile iliondoka huko miaka mia na kumi na miwili nyuma,
wachimba shura wa jangwa hili wakilipwa vipande vya bati
vinavyotumika katika duka la tajiri mmoja tu.
Imesafiri wakati wote huo
ili itufikie imepungukiwa.

Alfajiri nilimpigia mama.
Mama, tumeona sayari.
Ina maji?
Hatujui bado.
Akanyamaza. Nikasikia kuku wake, na ndoo.
Kijito cha kwetu kimo ndani ya bomba la mgodi
tangu nikiwa darasa la nne.
Mkiyaona, akasema, msimwambie mtu.

Miaka miwili sasa tunaitembea bila miguu.
Tunajua uzito wake. Tunajua mwaka wake,
mfupi kuliko deni langu la friji.
Upande mmoja ni adhuhuri isiyosogea,
upande wa pili ni usiku ambao haujawahi kupambazukiwa,
na katikati, Hilke anasema, huenda pana ukanda mwembamba
wa jioni ya kudumu, wenye upepo.
Huko ndiko ninakokwenda nikichoka.
Natembea ukingoni, jua begani,
sijakutana na mtu, sijaona bomba.

Wameipa namba na herufi ndogo.
Celso anaiita Jirani.

Juzi Hilke aliniita, mlango akaufunga.
Kwenye mchoro wa rangi palikuwa na kinundu,
kidogo, mtu angeweza kukifunika kwa ukucha.
Huenda ni mvuke, akanong'ona. Huenda ni makosa yetu.
Usimwambie mtu mpaka tupime tena.

Nilicheka mpaka akakasirika.
Nikarudi kwenye daftari la zamu, nikaandika:
Anga safi. Upepo wa mashariki. Hitilafu, hakuna.