Malipo kwa Neno

Kijitabu kilikuja kwa barua pepe usiku, kurasa arobaini na nne,
historia ya okestra ya mji mmoja wa Ujerumani
ambao jina lake silitamki bila kurusha mate.
Wanatimiza miaka mia mbili na themanini.
Mimi nawatia kwenye Kiswahili, Nkuhungu, chumba cha uani,
shilingi themanini kwa neno,
upepo wa Julai ukisukuma vumbi chini ya mlango.

Mwanzo ni mtawala, hakuna ajabu.
Alikuwa na farasi sitini na wapiga muziki kumi na sita,
na daftari la mishahara linawataja kwa mpangilio huo.
Walikula jikoni.
Mpiga filimbi mmoja, Gottlob, alifukuzwa kwa kukohoa
katikati ya sehemu ya polepole.
Nilicheka peke yangu. Kwetu mpiga muheme akikohoa
wenzake hupandisha sauti wamfunike.

Ukurasa wa tisa ukumbi unaungua: zinaokolewa tarumbeta mbili na kinubi.
Wa kumi na saba mtawala hayupo, mji umerithi madeni.
Wa ishirini na tatu una majina matatu tu,
wapiga fidla, Wayahudi,
waliofutwa orodhani kwa mstari wa rula mwaka wa thelathini na tano.
Hapo niliondoka mezani.
Nilichota maji, sikuyanywa, nikarudi
nikayaandika majina herufi kwa herufi,
maana jina halitafsiriwi.
Halafu mabomu.
Halafu picha: wanapiga ndani ya kiwanda cha bia kisicho na paa,
wamevaa makoti, pumzi zao zinaonekana.

Na nyuma kabisa, pale msomaji anapotafuta bei,
nyongeza ya pili, ala za zamani:
*Obo, 1912. Fundi hajulikani. Mbao nyeusi kutoka Afrika.
Ilipigwa hadi 1961.*
Basi.

Mwaka huo reli ilikuwa imeshapita Kintinku.
Babu wa baba yangu, Mnyang'wila, aliwakatia Wadachi magogo Saranda,
na nyumbani kwetu hadithi yake ni fupi:
mashoka matatu yaling'oka meno,
gogo likaangushwa dimbwini likazama kama jiwe,
akalipwa rupia moja, akaificha, hakuiona tena.
Sisemi ni mti huo.
Miti ilikuwa mingi na treni ilikuwa ndefu.

Lakini kijitabu chenyewe, ukurasa wa sita,
kinaeleza bila kujua kinasema nini:
kabla ya muziki, ukumbi ukishanyamaza,
obo hutoa sauti moja, nyembamba, isiyopinda,
na fidla, na mabesi, na shaba zote
huifuata mpaka zifanane nayo.
Kwa hiyo kila jioni, miaka arobaini na tisa,
pamoja na zile za kiwanda cha bia,
watu themanini walikaa kimya na nguo zao nyeusi
wakisubiri kipande cha nyika
kiwaambie sawa ni ipi.

Mjomba Ndalu zeze lake hulisawazisha kwa sikio na mate.
Hana nyongeza ya pili. Historia yake nzima
iko kwenye nyuzi mbili, na mmoja umekatika tangu Pasaka.

Mtafsiri haongezi. Ndivyo nilivyofundishwa,
na waliotuma kazi ni watu waungwana, hulipa kwa wakati.
Sikuweka tanbihi. Sikumwandika Mnyang'wila.
Saa tisa usiku, treni ya mizigo ikipiga honi upande wa Kizota,
nilifuta *mbao nyeusi kutoka Afrika*
nikaandika *mpingo*.

Maneno manne yamekuwa moja.
Nimepoteza shilingi mia mbili na arobaini:
andazi, na chenji kidogo.